Nani Anamtuma Nani? Kobe wa Dallas, Kisanduku Kinachoongea na Redio ya Babu

Kama umesoma sekondari Texas, najua kitu kimoja kilichokuwa kwenye begi lako: TI-84. Ile kalkuleta nzito ambayo dada yako alikuachia na wewe ukamwachia mdogo wako, kifuniko kimeshapotea siku nyingi. Sisi wa DFW tuna sababu ya ziada ya kuijua, maana herufi hizo mbili ni Texas Instruments, na makao makuu yao yapo hapa hapa Dallas, pale 635 inapokutana na 75. Umeshapita mara mia ukienda kwenye harusi ya mtu Richardson.

Kwenye kipindi kilichopita tuliongea kuhusu shule, simu na Chromebook, na baadhi yenu mkauliza swali zuri: hii habari ya kumkalisha mtoto mbele ya mashine ilianza lini, na nani aliamua kwamba hivyo ndivyo watoto wanavyojifunza? Jibu lina njia nyingi. Ila njia kubwa kabisa, aisee, inapita Houston na Dallas, na kuna kipande kinapita kwa babu yangu Korogwe. Ndiyo maana naandika badala ya kuongea.

Nianze na jambo moja. Kila mashine ya kufundishia ina nadharia ndani yake, hata kama aliyeinunua haijui. Mtu fulani aliamini kitu kuhusu akili ya mtoto, akakitia kwenye sanduku, sanduku likauzwa. Wasomi wana majina marefu ya nadharia hizi. Mimi natumia swali la nyumbani kwetu: nani anamtuma nani? Si unajua mtoto wa kwetu anatumwa. Lete maji, fungua mlango, mpelekee jirani sahani hii na usile njiani. Basi iangalie mashine yoyote ya shuleni ujiulize: inamtuma mtoto, au mtoto ndiye anayeituma?

Sasa Houston, 1953. Mwezi Mei mwaka huo Chuo Kikuu cha Houston kilianza kurusha KUHT, Channel 8, kituo cha kwanza cha televisheni ya elimu isiyo ya biashara Marekani nzima. Wakuu wa chuo waliona njia ya mkato: badala ya kuendelea kujenga kumbi za mihadhara, mpeleke mwalimu nyumbani kwa mwanafunzi kwa njia ya antena. Masomo yalirushwa jioni ili anayefanya kazi mchana aweze kufuata. Mmoja wa walimu wa mwanzo kabisa alikuwa Richard Evans, ambaye alifundisha saikolojia mbele ya kamera, na wanafunzi wakapata alama za chuo kama wale walioketi darasani. Kwa hiyo yule mjomba wako aliyemaliza digrii yake mtandaoni usiku baada ya shifti, anafuata njia iliyofunguliwa Houston zaidi ya miaka 70 iliyopita.

Televisheni ina nadharia ya zamani kuliko zote. Anayejua anasema, asiyejua anasikiliza. Ni nadharia ya mjomba aliyeshika maiki kwenye sherehe. Haina ubaya kama mjomba ana la kusema, lakini haina namna ya kujua kama meza ya nyuma wamelala. Masomo ya KUHT yalififia katika miaka ya 1960, ingawa kituo chenyewe kipo mpaka leo.

Evans, lakini, hakuishia kwenye kozi ile. Mwaka 1957 alikwenda Zurich na kamera akamhoji Carl Jung, na miaka iliyofuata akawahoji wanasaikolojia wengine wakubwa wa karne ile, wakiwemo B. F. Skinner na Jean Piaget. Washike hao wawili. Ugomvi wa mawazo yao ndio uliokuja kuingia kwenye masanduku ya Dallas, na wote walikaa mbele ya kamera ya mtu mmoja wa Houston.

Skinner alikuwa profesa wa Harvard, maarufu kwa majaribio yake na panya na njiwa. Mwezi Novemba 1953, mwaka ule ule wa KUHT, alikwenda kutembelea darasa la hesabu la binti yake. Alichokiona kilimkera. Mwalimu ameandika maswali ubaoni, anazunguka kati ya madawati. Waliomaliza wamekaa hawana la kufanya, waliokwama wamekwama, na hakuna anayejua kama amepata au amekosa mpaka daftari lisahihishwe baadaye. Kwa Skinner hilo lilikuwa kosa la msingi. Njiwa wake walijifunza kwa sababu punje ilikuja papo hapo walipofanya kitu sahihi. Mtoto naye, alisema, apewe hatua ndogo ndogo, ajibu, aambiwe mara moja. Akaunda mashine ya kufanya hivyo, na mwaka uliofuata alikuwa anaionyesha hadharani. Wengi wanamcheka Skinner siku hizi. Mimi sioni cha kucheka kwenye alichokiona darasani. Mtoto aliyemaliza na anasubiri, na mtoto aliyekwama na anaona haya kuuliza, wapo hadi leo.

Mashine zake zilikuwa za mbao na chuma na hazikuenea sana. Ilibidi kwanza vitu viwe vidogo. Hapo ndipo Dallas inapoingia. Septemba 1958, mhandisi wa Texas Instruments aitwaye Jack Kilby alionyesha wenzake sakiti iliyojengwa yote juu ya kipande kimoja cha kitu kama jiwe, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2000. Kufikia 1967 Kilby, Jerry Merryman na James Van Tassel walikuwa wametengeneza kalkuleta ya mfano inayoshikika mkononi. Babu wa TI-84 yako alizaliwa hapo. (Mama yangu alimaliza sekondari kwa kitabu cha logi, kurasa na kurasa za namba, na mpaka leo akiona mtu anabonyeza kalkuleta kujua saba mara nane anasikitika waziwazi.)

Mwaka 1978 kampuni hiyo hiyo ikatoa Speak & Spell. Ni kisanduku cha plastiki chekundu chenye mpini, takriban dola 50, na kilikuwa kinaongea. Sauti haikuwa kwenye tepu. Chipu iliitengeneza upya kwa hesabu, kwa kuiga jinsi koo na mdomo wa binadamu vinavyofanya kazi. Watu walishangaa. Kama umeona filamu ya E.T. ya 1982, ndicho kile yule kiumbe anachokitumia kuunda simu ya kupigia nyumbani.

Angalia kilivyofanya kazi. Kinatamka neno. Mtoto anabonyeza herufi moja moja. Akipata, anasifiwa na kupewa neno lingine. Akikosa, anaambiwa ajaribu tena. Akikosa mara ya pili, kinamtajia herufi sahihi, safari inaendelea, na baada ya maneno kumi kinampa alama zake. Huyo ni Skinner mtupu, mkononi mwa mtoto wa miaka saba. Kisanduku kinatuma, mtoto anatumwa. Na kusema kweli, fikiria mtoto ambaye mama yake ndiyo kwanza anajifunza Kiingereza na hana wa kumsahihisha matamshi nyumbani. Kisanduku kile hakichoki, hakimcheki, hakina wageni wa kuwahudumia. Wengi wetu tungekipenda.

Lakini miaka miwili tu baadaye, katika jiji lile lile na kwa vifaa vya kampuni ile ile, watu wakajaribu kinyume chake.

Lamplighter ni shule ya binafsi ya watoto wadogo huko kaskazini mwa Dallas, iliyoanzishwa mwaka 1953 (mwaka huo haututoki). Inajulikana kwa mambo yake: ina banda la kuku, na watoto wanauza mayai. Mwaka 1980 Texas Instruments na chuo cha MIT walishirikiana na shule hiyo kuingiza makumi ya kompyuta za TI-99/4 katika madarasa yenyewe, watoto waliko, badala ya kuzifungia kwenye chumba kimoja cha maabara. Ndani yake kulikuwa na lugha ya programu iitwayo Logo.

Mtu wa nyuma ya jambo hilo alikuwa Seymour Papert. Alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928, akawa mpinzani wa ubaguzi wa rangi kule kwao, akasomea hesabu, kisha akafanya kazi Geneva na Jean Piaget kuanzia 1958 hadi 1963. Piaget alikuwa ametumia maisha yake kuwauliza watoto maswali na kusikiliza majibu yao bila kucheka. Ukimimina maji kutoka glasi fupi pana kwenda glasi ndefu nyembamba, mtoto mdogo atakwambia yameongezeka. Kwa Piaget hilo halikuwa kosa la kufutwa kwa zawadi na adhabu. Mtoto ana nadharia yake kuhusu dunia, ameijenga mwenyewe, na ataibomoa mwenyewe akigusa vitu vya kutosha. Papert akaenda nalo MIT akiuliza: je, kompyuta inaweza kuwa kitu cha kugusa?

Mwaka 1967 yeye, Wally Feurzeig, Cynthia Solomon na wenzao wakatengeneza Logo. Baadaye kidogo akaingia kobe, kwanza roboti ya sakafuni, kisha alama ndogo kwenye skrini. Unamwambia aende mbele hatua 100, ageuke kulia digrii 90, mbele 100, geuka, mbele, geuka, mbele. Amechora mraba. Hakuna anayekwambia umepata au umekosa. Ulitaka nyumba, ukapata kitu kinachofanana na kiatu, sasa kaa ufikiri: wewe mwenyewe ukiwa kobe, ungetembea vipi? Watoto walikuwa wanasimama na kutembea chumbani ili wajue. Papert aliita jambo hili kufikiri kwa mwili, na yeye mwenyewe alisema alielewa hesabu kwa sababu utotoni alipenda sana gia za magari.

Hapa ndipo swali letu linapogeuka. Mtoto, ambaye siku nzima anatumwa na mama, na mwalimu, na kaka mkubwa, kwa mara ya kwanza ana wa kumtuma. Na kobe ni mtumwaji mgumu kweli, maana anafanya ulichosema, si ulichokusudia.

Mwaka ule ule wa 1980 Papert alichapisha Mindstorms, kitabu ambacho LEGO walikuja kuchukua jina lake kwa roboti zao mwaka 1998. Mwanafunzi wake, Mitchel Resnick, na timu yake walitoa Scratch mwaka 2007. Kama ulicheza na yule paka wa rangi ya chungwa darasa la nne kule Garland au Katy, ulikuwa unacheza na mjukuu wa kobe.

Je, Logo ilishinda? Hapana, na ni vizuri tusiipambe. Katikati ya miaka ya 1980 watafiti Roy Pea na Midian Kurland wa Bank Street College, New York, walipima madai makubwa, kwamba mtoto anayepanga programu atakuwa bingwa wa kupanga mambo mengine. Hawakuona hivyo. Ukimwacha mtoto na kobe peke yake, mara nyingi anajifunza kobe tu. Papert alilalamika kwamba walipima kifaa badala ya kupima utamaduni wa darasa, na nadhani alikuwa na hoja, lakini hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama kila shule ingekuwa Lamplighter, yenye madarasa madogo, wazazi wenye uwezo, na kuku. Biashara nayo haikusubiri mjadala uishe. Oktoba 1983, baada ya hasara kubwa, Texas Instruments ilitangaza kuacha kompyuta za nyumbani kabisa. Ikabaki na kalkuleta, na nyingine ukaja kubeba wewe.

Kuna kitu ambacho nadharia zote mbili zinakisahau, na kukiona inabidi tuvuke bahari, tena katika ule mwaka 1967. Machi ya mwaka ule, kalkuleta ikiwa inazaliwa Dallas na Logo Massachusetts, Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Malalamiko yake kuhusu shule za kikoloni yalikuwa makali: zinamtoa mtoto katika jamii yake, zinamfundisha kwamba maarifa yapo vitabuni na kwa wenye vyeti tu, na kwamba wazee wake hawajui kitu. Tanzania haikuwa na kompyuta za kugawa. Ilikuwa na redio.

Mwaka 1973 ikaendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12, takriban watu wazima milioni 2 walikutana katika vikundi vidogo, chini ya mwembe, darasani, msikitini au kanisani, kusikiliza kipindi cha Radio Tanzania kuhusu malaria, kuhara, kichocho na magonjwa mengine. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kabla. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao, na utaratibu anaukumbuka kama sala. Redio inasikilizwa, kisha inazimwa. Anayejua kusoma anawasomea wengine kijitabu. Kikundi kinajadili: hili lipo kwetu? Linatokana na nini? Tunafanya nini? Halafu wanakwenda kufanya. Walichimba vyoo, walifukia madimbwi, walifyeka nyasi karibu na nyumba, katika vijiji vingi mno.

Babu husema kazi yake ngumu ilikuwa kuizima redio kwa wakati, maana watu walitaka kubaki wasikilize muziki.

Ukiuliza nani alimtuma nani, jibu linakuwa gumu, na ndiyo sababu nalipenda. Serikali iliamua mada, hilo tusilifiche. Haikuwa kijiji kinachochagua ugonjwa wa kujadili. Lakini mashine yenyewe ilikuwa na dakika zake chache, ikanyamaza, na kujifunza kukaendelea kati ya watu. Lev Vygotsky, msomi wa Kisovieti aliyefariki 1934, alikuwa ameshasema kwamba tunajua kitu kwanza pamoja na wengine kabla hatujakijua wenyewe. Mkusanyo wa maandishi yake uliwafikia wasomaji wengi wa Kiingereza mwaka 1978, mwaka wa Speak & Spell.

Tangu hapo masanduku yamekuwa mengi. Kenya ilianza mwaka 2016 kuwapa watoto wa darasa la kwanza tableti, zaidi ya milioni moja. Houston ISD ilianza mwaka 2014 kugawa laptopu kwenye shule zake za sekondari. Sitakaa sana hapo, kwa sababu kugawa vifaa ni habari ya bajeti kuliko ya kujifunza.

Linalonishughulisha zaidi ni Houston ya sasa. Juni 2023 jimbo la Texas lilichukua uongozi wa Houston ISD na kumweka Mike Miles, aliyekuwa mkuu wa shule za Dallas kutoka 2012 hadi 2015. Kwenye shule zilizo katika mfumo wake mpya, masomo yanatoka makao makuu yakiwa tayari kwenye slaidi, saa inahesabu, na kila baada ya dakika chache darasa zima linajibu. Mwisho wa somo kuna jaribio fupi. Waliofaulu wanakwenda chumba kingine kufanya kazi ya juu zaidi. Waliokwama wanabaki na mwalimu. Katika shule nyingi chumba hicho kilikuwa maktaba. Mwanafunzi anayesumbua anaweza kupelekwa huko akafuate somo kwa Zoom.

Ukishajua historia, unaona vizuri. Hakuna tena aliyemaliza na anasubiri, hakuna aliyekwama bila kuonekana: ni lile darasa la Novemba 1953, limejibiwa. Na yule wa Zoom amerudishwa KUHT. Alama za mitihani zimepanda, na mwaka 2025 hakuna shule ya Houston ISD iliyopewa F na jimbo. Hilo si dogo kwa mzazi wa Gulfton ambaye shule ya mtaani kwake ilikuwa na F miaka nenda rudi. Wakati huo huo walimu wengi wameondoka na idadi ya wanafunzi imeshuka. Msimamo wangu ni huu: mfumo huo unajibu swali la Skinner vizuri, na haumuulizi mtoto hata swali moja la Piaget. Watoto wa Lamplighter, ambao wazazi wao wanalipa, walipewa kobe wa kutuma. Watoto wa mitaa yetu wanapewa saa inayowatuma. Sidhani ni bahati mbaya, maana mgawanyo huo ulikuwepo Dallas tangu 1980, pale pale nadharia hizi zilipokaa jirani.

Nasi wa kizazi cha pili tuna letu. Wengi tunajifunza Kiswahili upya kwa apu. Duolingo ina Kiswahili tangu 2017, na ukiiangalia, ni Speak & Spell yenye bundi: neno, jibu, sifa, neno. Mimi naitumia, imenisaidia na ngeli. Ila jaribu na kobe pia. Logo ipo bure mtandaoni, na ina tabia moja ambayo nilichelewa kuijua: kobe anafundishika maneno. Miaka ya 1980 watoto wa Dakar walimtuma kwa Kiwolofu. Wewe andika TO mbele :n, mstari wa pili FORWARD :n, mstari wa tatu END. Kuanzia hapo ukiandika mbele 100, anakwenda. Fanya hivyo hivyo na kulia, kushoto, futa. Kaa na mdogo wako, au na bibi akiwa kwenye WhatsApp, maana mkifika kwenye neno la kuinua kalamu ili kobe atembee bila kuchora, mtabishana. Nyumbani kwetu mama alisema liwe "nyanyua", baba akasema "inua", ikachukua nusu saa. Tuandikieni ninyi mlichagua lipi.